Mgeni wa Siku ya Tatu

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Wahenga waliisema vingine, lakini wahenga hawakuwahi kushika zamu kwenye ghorofa ya thelathini na moja huko West Bay, wala hawakuwahi kuishusha kope ya mzee wa miaka themanini na minne wakakuta ndani yake weupe wa karatasi. Nyanchama aliiachia kope. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba cha Bibi Varvara, akauachia, akahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Rangi ilirudi chini ya ukucha polepole, kama mtu anayerudi mahali asipopataka.

"Jumamosi ilirudi kwa mbili," alisema.

"Jumamosi alikuwa hajafika," alijibu Bibi Varvara, macho ameyafumba. "Na leo husemi shikamoo? Kufa nife, adabu ibaki."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, andika hiyo tano yako."

Nyanchama aliandika. Presha chini, mapigo mbio, tano. Nje ya dirisha Doha ilikuwa imefutwa. Upepo wa shamal ulianza Jumapili, mwezi huo wa Machi mwaka 2012, ukapandisha vumbi mpaka mnara wa jirani ukatoweka kama haukuwahi kujengwa. Ilikuwa saa nne asubuhi ya Jumanne na taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka, kila moja ikiwa na rangi ya jicho la mgonjwa wa manjano.

Kiswahili ndicho kilichomfikisha katika nyumba hii. Nyanchama alikuwa na diploma ya uuguzi aliyoipata Kisii, lakini visa yake ilisema mhudumu wa nyumbani, na visa haibishani na mtu. Konstantin, mhandisi wa gesi aliyeshinda kazini Ras Laffan wiki nzima, alitafuta Mkenya kwa sababu mama yake alikuwa ametangaza redioni kwa Kiswahili, Moscow, kwa miaka ishirini na miwili, na hakutaka kufa bila mtu wa kuzungumza naye. Basi kwa miezi kumi na minne bibi Mrusi alikuwa amemsahihisha binti wa Kisii kila siku ya Mungu. "Siyo 'hiyo mtu', mwanangu. Mtu si meza." Nyanchama alinuna mwezi wa kwanza. Wa pili akaanza kucheka. Wa tatu alijikuta akimsahihisha dada yake kwenye simu.

Sasa zilibaki siku mbili. Alhamisi, Konstantin alikuwa ameahidi kusaini karatasi ya kumwachilia ahamie hospitali, avae tena sare, aitwe sista. Pasipoti yake ilikuwa ndani ya droo ya Konstantin. Diploma ilikuwa juu ya pasipoti.

Na yote haya alikuwa ameyatia hatarini kwa neno moja.

Ilikuwa Jumapili, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa jikoni anasugua sufuria ya uji, mikono imezama kwenye povu, anawaza nyumbani bila kujua kwamba anawaza nyumbani. Doha watu hubonyeza kengele. Doha mlinzi hupiga simu kutoka chini, akasema kuna fulani, apande asipande? Kwa miezi kumi na minne hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesimama mlangoni akasema kile alichokisikia Jumapili ile.

"Hodi!"

Sauti ya mwanamume. Ilivutwa mwishoni kidogo, vile majirani walivyoivuta plotini kwa mama yake, kwenye vyumba vya kupanga, mtu akiwa ameshika bakuli la kuazimia chumvi.

"Karibu!" alijibu Nyanchama, na moyo ukaruka kwa furaha. "Karibu ndani!"

Jibu lilitoka lenyewe. Ni nani kwao aliyewahi kuuliza nani kabla ya kukaribisha? Ungeitwa mchoyo. Ungeitwa mchawi. Alipokuwa anajifuta mikono ndipo alipokumbuka kwamba mlango ule hujifunga wenyewe kwa komeo la umeme, na kwamba alikuwa ameusikia ukifunguka.

Mgeni alikuwa amesimama sebuleni. Koti refu jeusi, kola ya manyoya, viatu vinavyong'aa. Nje vumbi lilikuwa linakwaruza vioo, na juu ya viatu vyake hapakuwa na chembe. Alinukia udongo uliochimbwa asubuhi. Aliinamisha kichwa kwa Nyanchama kama mtu anayetoa shukrani ya kweli kabisa, kisha akageukia chumba cha mgonjwa na kumwita bibi, taratibu, kwa jina la utotoni, "Varenka."

Kikombe kilianguka huko ndani.

"Mwanangu," alisema Bibi Varvara kwa Kiswahili, "umefanya nini?"

Mgeni alikaa kwenye kiti karibu na kitanda kwa saa mbili. Hakutaka chai wala maji. Alipoondoka, bibi alikuwa amelala usingizi mzito, na nyuma ya sikio lake palikuwa na vitone viwili. Nyanchama alivisogelea na tochi. Mikono yake ilikuwa imetafuta mishipa elfu, na aliijua alama ya sindano kama anavyoujua mwandiko wake. Sindano huacha tundu moja, na pembeni yake hubaki wekundu. Hapa palikuwa na matundu mawili, makavu, meupe, kama yamenyonywa mpaka rangi.

Jumatatu aliamua kulinda. Alivuta kiti, akakaa kati ya kitanda na mlango. Mgeni alipoingia, hakubisha tena, alikuwa ameshakaribishwa. Alimtazama Nyanchama, akatabasamu. Kilichofuata ni kwamba Nyanchama alijikuta jikoni amesimama mbele ya birika lililokauka na kuanza kuungua chini, na saa ya ukutani ilikuwa imekula saa mbili. Hakukumbuka kuinuka kitini.

Alipiga simu chini kwa Kioko, mlinzi wa mapokezi, Mkamba mwenye maneno mengi kuliko zamu zake.

"Kioko, huyu mzee wa koti jeusi umempandishaje bila kuniambia?"

"Mzee gani, sista? Tangu saa sita nimekaa hapa nimetoa macho kama kinyonga. Hakuna mtu amepanda huko kwenu, ila yule kijana wa maji."

"Ametoka sasa hivi."

"Lifti imepanda saa tisa na nusu ikasimama kwako. Niliangalia kamera. Imefunguka, ikajifunga. Ilikuwa tupu, nikasema ni stima inacheza." Akashusha sauti. "Ebu niambie, sista, kwenu Kisii mnajua mumiani?"

"Wale wa kukamua watu damu? Nyanya yangu alitutishia nao tukikataa kwenda dukani."

"Sisi nyanya yetu alitutishia nao tukikataa kurudi kutoka dukani. Manze, acha hizo hadithi, niko peke yangu hapa chini."

Kwa hiyo asubuhi hii ya Jumanne, baada ya kuandika tano, Nyanchama aliweka daftari chini akakaa kitandani, jambo ambalo shuleni walimkataza.

"Bibi, niambie ni nani."

Bibi Varvara alifumbua macho. "Konstantin nimemwambia mara mia, na Konstantin huamini mashine tu. Wewe utaniamini?"

"Nimeviona vitone."

"Basi sikiliza, na usinikatize." Alivuta pumzi kama mtu anayekaa mbele ya kipaza sauti. "Mwaka 1847, Tsar Nikolai akitawala, jimbo la Smolensk. Mwenye shamba alikuwa na watwana mia tatu, watu waliouzwa pamoja na ardhi kama miti. Baridi mwaka ule ilipasua magogo. Mchana mmoja, theluji inavuma kama vumbi hili, mtu akabisha. Kwetu hatumwambii mtu ingia kabla ya kumwona. Unakwenda, unafungua, unatazama nyuma yake kama miguu imeacha alama kwenye theluji. Lakini Agafya wa jikoni alikuwa na huruma, na mikono yake ilikuwa kwenye unga. Akaita kutoka huko huko, 'Ingia upate moto, baba.'"

"Akaingia."

"Nimesema usinikatize. Akaingia. Alikuwa jirani, mwinyi wa watwana mia nane, aliyezikwa vuli ile. Mwenye shamba alikuwa amepigana vita pamoja naye, na furaha ya kumwona ikamsahaulisha kwamba alimrushia udongo kaburini kwa mkono wake. Siku ya kwanza akafa mtoto mchanga. Siku ya pili akafa mama yake. Siku ya tatu Agafya akaelewa, akamtemea mate viatuni."

"Na?"

"Mgeni akarudi nyuma mpaka nje, kama aliyevutwa kwa kamba. Mgeni aliyetukanwa si mgeni tena. Akasimama ng'ambo ya kizingiti, kofia mkononi, mnyenyekevu kama maskini wa kanisani. Mwenye shamba akamwambia ingia, ingia, mara kumi. Hakuinua mguu. Alikuwa anamngoja Agafya. Aliyetoa neno ndiye peke yake anayeweza kulitoa tena."

Upepo ulisukuma kioo. Nyanchama hakuuliza, lakini bibi alimjibu.

"Alikuwa mjakazi, mwanangu. Walimpigisha magoti, wakamwambia aombe radhi. Akasema, 'Nisamehe, baba.' Basi. Asubuhi, katika nyumba nzima, aliyebaki hai ni binti wa miaka sita aliyelala juu ya jiko nyuma ya magunia. Huyo ndiye mama wa bibi yangu. Tangu hapo ukoo wetu hauna neno la kukaribisha mtu mlangoni. Amesimama kwenye milango yetu yote. Moscow, nje ya kazi ya redio, nilifundisha Kiswahili chumbani, mlango umefungwa." Alimshika Nyanchama kifundo cha mkono kwa vidole visivyo na joto. "Nadhani alikuwa nje, anasikiliza masomo."

Nyanchama alipiga hesabu. Tano leo. Kesho ingekuwa saba, na keshokutwa pasingekuwa na cha kuhesabu. Hospitali? Wangemwongezea bibi damu, na mgeni angengoja tu arudishwe nyumbani mishipa ikiwa imejaa. Kumtukana? Agafya alimtukana, na tusi ndilo lililompa mwinyi pa kudaia radhi. Tena nyanya yake Nyanchama alikuwa amemkalisha chini mara nyingi mno. Mgeni hatukanwi, hata akiwa mwizi. Mgeni hupewa maji. Mgeni hupewa kiti. Mgeni siku mbili, na siku ya tatu...

Aliinuka.

"Bibi, haja kubwa umepata leo?"

"Swali gani hilo?"

"Swali la kazi. Umepata?"

"Bado."

"Basi tutangoja," alisema Nyanchama. "Ikija usinionee aibu, na usiniambie nimwage."

Alasiri mlango ulifunguka wenyewe. Mgeni alikuta mtu amesimama katikati ya ukumbi, glavu mkononi, nywele amezifunga, aproni safi. Alikuwa ameshika bedpani, chombo cha haja cha mgonjwa, kwa mikono miwili. Ilikuwa imejaa, na hakuwa ameifunika.

"Shikamoo, mzee," alisema Nyanchama na kupiga goti kidogo, kama alivyofundishwa.

Mgeni alisimama. Salamu hakuitegemea.

"Jumapili ulibisha kwa lugha yetu, nikakukaribisha kwa lugha yetu. Sasa na mambo mengine yafuate desturi yetu. Jana na juzi umekaa kitini kama mgeni. Leo ni siku ya tatu. Kwetu mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe." Alipiga hatua moja mbele. "Huku juu hatuna shamba. Kazi iliyopo ni hii. Kamwage, uisuuze kwa maji ya moto, uirudishe. Halafu tutamgeuza bibi, wewe ushike mabega."

Kwa mara ya kwanza uso ule ulikosa tabasamu. Mgeni aliitazama bedpani. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, mirefu, myeupe, mikono ambayo kwa miaka yote aliyoishi na yote aliyokataa kufa haikuwahi kubeba kitu kizito kuliko kikombe na upanga.

"Nilikuwa na watwana mia nane," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri lakini kikavu, kama cha mdomo usio na mate.

"Basi walikudekeza. Pokea."

Angepokea angekuwa mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba hutumwa. Asingepokea asingekuwa mgeni tena, na karibu yake ingeishia hapo. Nyanchama alinyoosha mikono, harufu ikatangulia mbele yake, na mgeni akarudi nyuma hatua moja. Akafuata. Akarudi nyingine. Walitembea hivyo ukumbi mzima, mmoja uso kwa uso na mwenzake, polepole, kama maarusi wanaoingia kanisani kinyumenyume, mpaka kisigino cha kiatu kinachong'aa kikavuka kizingiti na mlango ukajifunga kati yao.

Komeo lililia. Nyanchama alikwenda chooni, akamwaga, akasuuza kwa maji ya moto.

Konstantin alifika kabla ya magharibi, siku mbili kabla ya zamu yake kwisha, vumbi kwenye nyusi. Aliingia hadi chumba cha mama yake, na mlango wa nje akauzuia kwa begi lake usijifunge. Mwisho wa ukumbi, ng'ambo ya kizingiti, alionekana mgeni amesimama, kofia mkononi.

"Umefanya nini?" aliuliza Konstantin kwa Kiingereza chake kizito. "Huyu bwana ametoka mbali, ukoo wake na wetu wanajuana tangu enzi za Tsar. Amenipigia simu nilipokuwa kazini. Amekuja kumwona mgonjwa, na wewe umempa kinyesi ashike?"

"Nimempa kazi, bosi."

"Mfanyakazi ni wewe!"

"Ndiyo. Na ningefurahi kusaidiwa."

Konstantin aligeuka mlangoni, akamwambia mgeni kitu kwa Kirusi, mkono ameunyoosha kwa ukarimu. Akarudia. Akarudia tena, sauti imeanza kuona haya. Mgeni alitabasamu kwa upole na hakuinua mguu. Hakuwa akimtazama Konstantin.

Juu ya mto, Bibi Varvara alikuwa amefumbua macho. Midomo ilicheza bila sauti. Nyanchama alidhani anasali, kisha akaona kwamba alikuwa anahesabu, moja, mbili, tatu, mara alizoitwa mwanamume yule asiingie.

"Haoni vizuri kuingia mpaka umwombe radhi," alisema Konstantin. "Ni mtu wa heshima ya zamani. Neno moja, Nyanchama. Samahani, karibu. Yaishe." Alimwita ukumbini, akatoa funguo mfukoni, akafungua droo ya meza, akaweka vitu vitatu juu yake ili avione. Pasipoti. Diploma. Na karatasi ya kumwachilia, tayari imepigwa chapa, nafasi ya saini ikiwa tupu. "Nasaini sasa hivi. Au kesho unapanda ndege, na hutarudi nchi hii kwa miaka miwili."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nyanchama aliitazama. Alijiona kwenye korido ndefu ya hospitali, viatu vyeupe, mtu anaita sista na yeye anageuka. Aliiona na diploma, pembe moja imekunjika, jina lake lote limeandikwa kwa wino mweusi. Halafu alimwona Agafya, ambaye hakuwa na hata karatasi moja, unga mikononi, magoti kwenye ubao wa baridi.

Ndipo mgeni aliposema.

Hakusema kwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye kikohozi kidogo mwanzoni, sauti aliyoisikia mara ya mwisho Kisii, miaka sita iliyopita, siku chache kabla ya kuivalia nguo nyeusi.

"Hodi, mjukuu wangu. Hodi."

Jibu lilimpanda kooni kama maji. Lilifika nyuma ya meno, likajaa mdomo. Nyanchama aliuma ulimi mpaka akaionja chumvi ya damu yake, na mlangoni mgeni akainua pua, taratibu, kama mtu aliyesikia harufu ya chakula kinachopikwa nyumba ya pili.

Alimpa mgongo. Alikwenda kitandani, akakaa, akaushika mkono wa Bibi Varvara. Nyuma yake Konstantin alikuwa anasema kitu kuhusu ndege, kuhusu polisi, kuhusu shukrani ya punda. Vumbi lilikuwa linaingia kupitia mlango ulio wazi, laini kama unga, likitua juu ya vigae vyote vya ukumbi isipokuwa pale kwenye kizingiti, mbele ya viatu viwili. Alibonyeza ukucha wa kidole gumba. Akauachia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano hakuifikia. Chini ya ukucha, wekundu hafifu ulikuwa umesharudi.

"Siombi radhi," alisema, akachukua kidole kinachofuata.